Mipira ya mkojo ya kujiwekea mwenyewe: ya kijani, ya Sweden, na ule wa makohozi niliouziwa kimakosa

Kwa wenye haraka naanza na jibu. Kama hospitali wamekwambia uwe unajitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mara nne tano kwa siku na sasa unazunguka maduka ya vifaa tiba hujui ushike upi, Nelaton (mrija mnyoofu usio na puto) ya plastiki ya kawaida inatosha. Sijasema ndo bora kuliko zote, nimesema inatosha, ila uikague kabla haijaingia mwilini maana humo humo kwenye zinazotosha kuna pisi zingine ni wembe. Yanayofuata ni maelezo na malalamiko yangu.

Mi nilikuwa fundi rangi. 2020 nikadondoka kwenye mirunda, ghorofa ya pili, saiti ya mtu huko Goba, Dar, uti wa mgongo ukaumia usawa wa kiuno. Miguu kila mtu anaiona na kila mtu anakupa pole ya miguu, kibofu hakuna anayekiona. Na kibofu kikishaumia mishipa yake ya fahamu hakikwambii kitu, kinajaa kimya kimya kama tangi lisilo na floti mpaka kinamwagikia kwenye suruali, we unajiona umekojoa kumbe hiyo ni ziada tu, chini bado umelala mkojo wa kujaza chupa ya maji. Mkojo uliolala unazaa bakteria, ukizidi presha inarudi juu kwenye figo. Zamani waliovunjika uti wa mgongo wengi walikuwa wanakuja kufa kwa figo baadaye, ajali yenyewe wameshaipona.

Miezi mitano ya kwanza nilikaa na mpira wa kudumu, ule wenye puto ndani na mfuko unaoning'inia kwenye mguu. Wengi mnaujua huo, mzee wa tezi dume yeyote mtaani ameshawahi kuuvaa. Sina ugomvi nao, kuna watu hawana njia nyingine, ila kwangu ulikuwa unaziba, unanuka, homa haikauki, na kila nikigeuka usiku nalalia mrija. Siku ya kliniki nesi akaniangalia nilivyokunja sura akaniambia, "Kaka, wewe mikono yako mizima. Nikufundishe kujiwekea mwenyewe? Unaingiza, mkojo unatoka, unautoa, basi, maisha yanaendelea." Nikamwambia dada mi siwezi kujichoma mpira huko. Akasema wote huwa wanasema hivyo hivyo siku ya kwanza.

Siku ya kwanza nilitumia dakika arobaini na jasho la kutosha. Saivi ni dakika nne tano, na kunawa mikono humo humo.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuwa amevaa zile glovu za chumba cha upasuaji. Nilidhani hii kitu lazima uifanye kama opereshen. Akaniambia nyumbani mikono safi ya sabuni inatosha, mwili wako unawazoea bakteria wako mwenyewe, kinachokuharibia ni mkojo kukaa. Baadae nikaja kusoma kumbe hilo lina historia yake. Baada ya vita ya pili ya dunia kule Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, daktari Ludwig Guttmann (huyu huyu aliyeanzisha mashindano yaliyokuja kuwa Paralimpiki) alikuwa anawatoa mkojo wagonjwa wake kwa mpira unaoingia na kutoka, ila kwa usafi wa kihospitali kabisa, kila kitu kimechemshwa. Alafu 1972 Mmarekani mmoja, Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, akaandika kwamba mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe nyumbani kwa usafi wa kawaida tu na akawa salama. Wenzake walimshangaa. Lakini ndo mimi na wewe tunavyoishi leo, kwa sababu kama ingebaki ile ya kuchemsha kila kitu mara tano kwa siku, mkaa ungetumaliza.

Haya, tuje kwenye bidhaa zenyewe.

Dukani ukisema tu "naomba mpira wa mkojo" utapewa ule wa puto, Foley, asilimia kubwa ya wauzaji ndo wanaoujua. Sema Nelaton. Ni mrija mnyoofu, hauna puto, ncha yake imeziba na ni ya duara, pembeni ya ncha kuna matundu mawili yanayopishana, nyuma kuna mdomo mpana wenye rangi. Rangi ndo namba: bluu ni 8, nyeusi 10, nyeupe 12, kijani 14, ya chungwa 16, nyekundu 18. Hiyo namba ukiigawa kwa 3 unapata unene wa mrija kwa milimita, kwa hiyo 12 ni milimita 4 kamili, 14 ni kama 4.7. Watu wazima wengi wanaishia kwenye 12 au 14, watoto chini ya hapo. Usijiongeze. Kuna jamaa alikuwa anachukua 18 eti unatoka haraka aende zake, ameenda zake kweli, wodini, kajikwaruza. Namba unapewa na aliyekupima, basi.

Mimi ni kijani, 14, urefu sentimita 40. Miaka zaidi ya minne tuko wote.

Sasa ngoja niwasimulie mkasa wa mpira wa makohozi, maana ndo ulionifanya niandike yote haya. Duka moja la vifaa tiba Kariakoo, silitaji. Nimemtuma dogo wa bodaboda akanichukulie pisi 30 za kijani kama kawaida. Zimekuja, pakiti ya plastiki kwa karatasi kama siku zote, mdomo wa kijani, namba 14, bei imepungua hata. Nikafurahi. Saa 12 jioni nafungua, nashika, naona mbona ndefu kidogo, nageuza ncha, ncha iko wazi! Imekatwa tu kama mrija wa soda, na pembeni ina katundu. Ule ni mpira wa kunyonyea makohozi kwa mgonjwa aliyezimia, unaingia kooni, rangi zake na namba zake ni zile zile za mipira ya mkojo, kwa hiyo muuzaji akiangalia kijani na 14 yeye kamaliza. Lakini ncha ya wazi ile ukiipitisha kwenye njia ya mkojo ya mwanaume, ambayo ni safari ya kama sentimita 20 na ina kona, inakwangua kama kijiko kwenye sufuria ya ugali. Na mimi chini sisikii sana. Ningejua nimeumia nikiona damu.

Nikapiga simu. Kijana ananijibu, "Bro si zote ni mipira." Nikamwambia mdogo wangu, hata chelewa na mkuki vyote ni vijiti. Kubadilisha walikubali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ikawa juu yangu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ukipokea mzigo, kabla hujalipa kama unaweza, angalia ncha kupitia plastiki. Imeziba na ni ya duara? Vizuri. Kuna mrija mwingine wa kulishia wagonjwa kupitia puani, nao watu wanauziwa, na kwa watoto hata hospitali wakati mwingine wanautumia pale mipira midogo inapokosekana, lakini huo ni mrefu mno, ukisukumwa sana unaweza kujikunja na hata kujifunga fundo ndani ya kibofu. Mtoto wako atumie huo kama tu mtaalamu kakuelekeza umwingize kiasi gani.

Cha pili ni matundu, na hapa ndo Nelaton zinapopishana kwa ubora. Plastiki ni ile ile, mtengenezaji mmoja anasawazisha kingo za tundu, mwingine anatoboa tu kama karatasi ya ofisini na kukuachia kingo kali. Nikishafungua pakiti nikiwa nimenawa naangalia kwenye mwanga, ukiona kingo zimeinuka au kuna kama kiunyuzi cha plastiki, tupa. Kwenye mzigo wangu mmoja wa pisi 50 nilitupa sita. Inauma kutupa kitu hujakitumia ila ukipiga hesabu ya antibayotiki na siku za kulala na homa, hiyo hela ni ndogo. Cha tatu, tarehe ya kuisha na pakiti isiwe imefunguka pembeni. Na cha nne hiki watu hawakifikirii, jua. Kuna maduka yamezipanga dirishani zinapigwa jua la Dar miezi, mrija unakuwa mgumu na unabaki na kona. Mi zilizokaa dirishani sizigusi hata kwa ofa.

Bei ambayo mimi nimekuwa nikilipa ni kati ya 1,000 na 2,000 kwa pisi moja, ukichukua jumla inashuka kidogo. Kwa mara tano kwa siku mwezi ni pisi 150. Fanya hesabu mwenyewe, alafu kumbuka mtu huyu alikuwa kibarua na saivi hapandi mirunda.

Hapo ndo linakuja swali ambalo kila mtu anauliza kwa kunong'ona: unarudia kutumia? Kwenye pakiti kuna alama ya 2 iliyokatwa kwa mstari, maana yake usitumie mara ya pili. Marekani tangu 2008 bima ya serikali ya wazee na walemavu, Medicare, inalipia mpaka pisi 200 kwa mwezi ili mtu atumie mmoja atupe. Sisi huku Goba hatuna hiyo. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kurudia kunaongeza maambukizi kiasi gani. Mimi ninachofanya nakisema kama kilivyo, na daktari wangu anajua: mwezi wenye hela, mmoja mara moja. Mwezi mbaya, mmoja siku nzima, jioni unatupwa. Nikimaliza tu naupitishia maji ya bomba papo hapo kabla mkojo haujakaukia ndani, napaka sabuni nje, ndani nasukuma maji ya sabuni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nasuuza mpaka povu liishe, nakung'uta, naning'iniza ukauke sehemu safi isiyo na vumbi, ukikauka unaingia kwenye kopo lake lenye mfuniko. Usiuweke na unyevu kwenye mfuko wa nailoni umefunga, hapo unafuga. Usiuchemshe, plastiki hii inalegea na kupinda. Usiutumbukize kwenye spiriti alafu ukauingiza, aisee, kuna mtu alinisimulia na alikuwa bado anasikia huko chini, sitaki hata kukumbuka uso wake. Na usimpe mtu mwingine hata kama mmezaliwa tumbo moja.

Jeli. Nelaton ya plastiki ni kavu, lazima ipakwe. Chukua ile jeli ya maji, KY au zinazofanana nayo, au ile yenye dawa ya ganzi kama unasikia maumivu na daktari amekuruhusu. Vaselini hapana. Mafuta ya nazi hapana, najua bibi yako anasema yanafaa kwa kila kitu. Mafuta hayayeyuki kwenye maji kwa hiyo yanabaki kibofuni, na kama mpira wako ni ule mwekundu wa raba yanauozesha. Paka kuanzia ncha mpaka karibu nusu ya mrija, sio kinukta kwenye ncha tu, wanaume hili tunalikosea tukiona jeli inaisha. Tyubu moja kwangu inaenda wiki mbili nikijibana.

Mwaka juzi binamu yangu anayekaa Malmö alikuja likizo, akaniletea boksi la LoFric. Hizi ni za Sweden, zimeanza 1983, ndo za kwanza zenye ngozi ya juu inayonyonya maji. Unaweka maji kwenye pakiti, unasubiri sekunde 30, mrija mzima unakuwa unateleza kama kambale. Jeli haihitajiki. Kuna na SpeediCath za Denmark ambazo zinakuja zimeshalowekwa kabisa, unafungua unatumia, hizo alinipa chache za kuonja.

Niseme ukweli wangu. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Inapita yenyewe, haigomi mahali popote, inatoka hivyo hivyo, na wiki zile tatu sikuona hata ule wekundu mdogo ambao na Nelaton kavu nauona mara moja moja. Matundu yake laini mpaka ukipitisha ulimi... sijapitisha ulimi, ni namna ya kusema. Kwa mwanaume ambaye atafanya hii kitu mara elfu moja na mia nane kwa mwaka, msuguano ndo adui wa muda mrefu, njia inakwaruzika kidogo kidogo inaota makovu na inaanza kuziba. Kwa hiyo hela inayoongezeka pale unailipia njia yako ya mkojo ya miaka ijayo, sio unono.

Kasoro zake sasa. Inateleza hata mkononi, ukiwa na vidole visivyo na nguvu utaidondosha, na ikidondoka imeisha hiyo. Ni ya mara moja tu kweli kweli, ile ngozi ikikauka haifufuki, ukiiosha ukarudia itakunata ndani. Hata mara ya kwanza usizubae nayo, toa mkojo umalize utoe, maana ikianza kukauka inashika. Na kwa huku kwetu, boksi likiisha limeisha. Niliulizia maduka matatu mjini, wawili hawajawahi kuisikia, mmoja akanitajia bei ya kuagiza nikamshukuru nikafunga simu. Kwa hiyo nikagawa, nilizobakiza naziweka kwa safari na kwa siku nikiwa na kidonda. Kama una ndugu Ulaya anauliza akuletee nini, sahau perfyumu.

Ule mwekundu wa raba niliutumia wiki moja tu. Faida yake moja unachemshika, manesi wa zamani wanakumbuka sufuria za mipira jikoni wodini. Lakini ni mlaini mno, kwenye kona unajikunja, na una mpira halisi wa utomvu ndani ambao watu wengine wana mzio nao. Hasa wazazi wa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, hili liwekeni kichwani, watoto hao ndo wanaoongoza kwa mzio wa raba, kwa hiyo mipira yao na hata glovu mnazotumia ziwe za aina nyingine.

Jirani yangu mmoja mzee, tezi dume imevimba, akanijia jioni na Nelaton yake mkononi, "Mwanangu, wako unaingiaje? Wangu unafika mahali unagonga ukuta." Nikamwambia shikamoo kwanza mzee wangu, alafu usisukume, rudi kwa daktari umuulize kuhusu Tiemann. Hiyo ni mpira ule ule ila ncha imepinda juu kidogo, inapanda juu ya uvimbe wa tezi badala ya kugonga. Kwenye mdomo wake nyuma kuna alama inayokuonyesha ncha imeelekea wapi, lazima iangalie juu muda wote. Alibadilishiwa, na sasa hivi ananisalimia kwa heshima kuliko wanawe. Ila hiyo usijinunulie kwa kusoma hapa, ikiingia imegeuka inaumiza vibaya.

Kwa wadada, njia yenu ni fupi, sentimita tatu mpaka tano hivi, kuna mipira yenu ya sentimita 18 mpaka 20 ambayo inakaa vizuri kwenye pochi. Shida maduka mengi yanaleta ile mirefu tu kwa kisingizio kwamba inatumika na wote. Dada mmoja tuliyelazwa kipindi kimoja anasema ile mirefu inamsumbua kuielekeza, mkojo unamwagika, ameshazoea kuunganisha mwisho wake na mfuko wa mkojo. Hilo la kuunganisha hata mimi nalitumia, ule mdomo mpana unaingia vizuri kwenye mrija wa mfuko, kwa hiyo huhitaji kusogea chooni kabisa, na kwa vyoo vyetu ambavyo kitimwendo hakipiti mlangoni ni msaada mkubwa. Dada huyo alianza na kioo kidogo, saivi anapapasa tu.

Kwenye matumizi yenyewe sitawafundisha, mfundishwe na nesi mkiona kwa macho. Nitataja tu makosa yangu matatu. Moja, kulazimisha. Ukifika mahali pamegoma, karibu na mwisho kabisa, ni msuli wa mlango wa kibofu umebana, tulia, vuta pumzi, kohoa, utaachia. Ukigoma kabisa au damu inatoka ya kuonekana haswa, hospitali. Mbili, kusimama mkojo unapoanza kutoka. Ukianza, sukuma ndani sentimita mbili tatu zaidi ndo utulie. Tatu, kuchomoa haraka. Unautoa taratibu, mkojo ukianza tena unasimama hapo hapo, kuna dimbwi chini ndo linaisha, na hilo dimbwi ndo mama wa UTI.

Na saa. Hakuna mpira wa Sweden wala wa mbinguni utakaokusaidia kama hufuati saa. Mimi ni saa 11 alfajiri, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Mwezi wa kwanza nilikuwa napima kwenye jagi lenye mistari, lengo kila mara isizidi mililita 400 mpaka 500, ikizidi ama umechelewa ama umekunywa sana. Siku ya tikiti maji au madafu usijidanganye, ongeza mara moja. Mwezi wa Ramadhani ndo ulinifundisha adabu, mchana kutwa hakuna kitu, jagi linatoka mililita 150 nzito kama chai, alafu kati ya futari na daku unakunywa maji ya siku nzima na uji na juisi, kibofu kinajaa usiku wakati umelala. Mwaka wa kwanza niliamka nimelowa na homa juu. Saivi Ramadhani ratiba naigeuza, usiku mara tatu, mchana mara mbili, na daktari alinipa ruhusa hiyo baada ya kuangalia figo, wewe muulize wako kwanza.

Kwa waliovunjika juu, kifua cha juu au shingo, kuna jambo mimi silipati ila nimeliona kwa mwenzangu, kibofu kikijaa sana presha inapanda ghafla, kichwa kinapasuka, jasho usoni. Huyo hasubiri saa, anatolewa mkojo papo hapo, na isiposhuka ni dharura.

Safarini kwenda Moshi, basi likisimama porini watu wanashuka kuchimba dawa, mimi nimebaki kwenye siti nimejifunika shuka la Kimasai, mpira umeunganishwa na mfuko, naichimba humo humo. Ukikosa basi lenye huruma ya kusimama wewe ndo unakuwa mtu pekee usiyelalamika. Naweka kwenye begi pisi nne, jeli, mfuko, wipsi zisizo na manukato, na kitakasa mikono. Zile LoFric zilizobaki ndo kazi yake hapa kwa sababu ndani ya basi linaloruka matuta kupaka jeli ni mtihani.

UTI bado napata, nisiwadanganye, mwaka huu mara moja. Kwenye mpira wa kudumu ilikuwa karibu kila mwezi. Na jambo lililonichukua muda kulielewa, sisi tunaotumia mipira ukipima mkojo bakteria hawakosekani, kuwepo kwao sio ugonjwa. Homa, mkojo umechafuka na kunuka tofauti, kuvuja kati ya saa na saa, mwili kuchoka, hapo ndo ugonjwa, na mkojo uoteshwe kwanza ijulikane ni mdudu gani na dawa gani inamfaa. Nilikuwa najinunulia sipro (antibayotiki) dukani kila mkojo ukibadilika rangi, mpaka siku majibu ya kuotesha yamerudi karibu kila dawa imeandikwa sugu. Ile ilinitisha kuliko mirunda.

Maksi zangu kama mnazitaka. Nelaton yenye matundu yaliyosawazishwa, 7 kwa 10, ndo chakula cha kila siku. Nelaton yenye kingo, sifuri. LoFric 9, moja nimeikata kwa kutopatikana, ambalo sio kosa lake. Raba nyekundu 3. Ule wa makohozi wapeleke ICU unakohusika.

Duka ninalochukulia sasa ni dogo, nje kidogo ya mjini, mama mwenyewe anauza na anafungua pakiti moja mbele yako ukague tundu kabla hujachukua zote, na akiishiwa anasema zimeisha hakupi kitu kingine. Zikibaki pisi 20 kwenye droo ndo nampigia, sio 5, kwa sababu sikukuu ya Idi mwaka jana alifunga siku mbili na mimi droo ilikuwa na tatu.